Ikisema Bado Kidogo, Kata

Jumatatu asubuhi, chai hata haijapoa, Mkurugenzi aliwaambia wakuu wa vitengo kwamba ameshachoka na Ghala. Hakupaza sauti. Kila mtu katika kampuni ile ya vitabu vya shule alijua kwamba akipaza sauti ana hasira tu, zitapita. Akisema taratibu, ameshaamua.

"Vitabu viwili vimekosa zamu kiwandani mwaka huu," alisema. "Cha sayansi na cha lugha. Mara zote mbili naambiwa Ghala imeganda. Sasa atlasi inatakiwa ifike kwa wachapaji Alhamisi, saa sita kamili mchana. Isipofika, zamu yetu anapewa mwingine, na shule zinafunguliwa bila ramani. Ijumaa wanakuja watu wa kuniuzia chombo kingine. Nimewaambia nitatia saini."

Macho yote yakaenda mwisho wa meza, kwa mwanamke mfupi mwenye miwani aliyekuwa akikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Huyo ndiye Bi Ghala. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini ofisini hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu miaka kumi na mmoja nyuma aliiandika programu ile peke yake, mstari kwa mstari, na tangu siku hiyo yeye na programu wakawa kitu kimoja. Ghala ilitunza matoleo ya vitabu. Ukibadilisha ukurasa, inauweka mpya na wa zamani hautupi. Ukiharibu, inakurudisha ulikotoka. Na kitabu kikiwa tayari, unaandika *ghala peleka* kwenye dirisha jeusi la maandishi, nayo inakibeba kitabu kizima hadi kwenye mashine ya wachapaji, mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa gari. Haikuwa na picha wala madoido. Unaiandikia amri, inakujibu kwa maandishi.

"Ghala haigandi," alisema Bi Ghala.

"Wanaoitumia wanasema inaganda."

"Wanaoitumia hawana subira. Nimeipima hesabu yake mara mia. Hesabu ni hesabu, Mkuu. Haina ugomvi na mtu."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," alisema mhariri mmoja chinichini, na wawili watatu wakacheka ndani ya vikombe.

Bi Ghala aliwasikia. Mwingine angemeza mate akanyamaza, lakini yeye kunyamaza hakufundishwa kwao. "Basi nipeni mpaka hiyo Alhamisi," alisema. "Atlasi itakwenda kwa Ghala, na itafika kabla ya saa sita. Isipofika, Mkuu, Ijumaa tia saini, na kalamu nitakuletea mimi."

Mkurugenzi alimtazama kidogo, akasema sawa, akafunga kikao.

Atlasi ilikuwa ghorofa ya juu, kwa mchora ramani mkuu. Na mchora ramani mkuu alikuwa shemeji yake Bi Ghala, mdogo wake mumewe, mtu wa vidole virefu vyenye wino na mdomo usiojua likizo. Alipomwona anaingia na kigoda chake mkononi, aliinuka kwenye kiti.

"Karibu shemeji! Umekuja kumwona mgonjwa au umekuja kuzika?"

"Nimekuja kukaa. Nataka utume atlasi kama ilivyo sasa, ya majaribio. Leo mimi sina mikono, nina macho tu. Fanya kama sipo."

"Shemeji asiye na mikono! Na kaka yangu atapikiwa na nani?"

"Kaka yako anajua jiko liliko."

Aliweka kigoda pembeni ya meza ya ramani, akainua uso, na hapo ndipo alipoiona ile karatasi. Ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kompyuta, imetiwa ndani ya plastiki isichakae. Herufi zake zilikuwa kubwa, za mtu anayeandika majina ya milima kwa riziki yake: IKISEMA BADO KIDOGO, SUBIRI DAKIKA TANO, KATA, ANZA UPYA.

Damu ilimpanda Bi Ghala mpaka masikioni. "Nani kaandika hii?"

"Mimi. Ipo kila chumba. Wahariri waliniomba yao, nikawapa." Shemeji aliandika *ghala peleka*, akagonga kitufe, akaegemea kiti. "Haya, tazama mwenyewe. Umesema huna mikono, usiniguse."

Namba zikaanza kukimbia. Vipande elfu moja. Elfu mbili. Elfu nne. Haikufika dakika nane, dirisha likaandika: *Vipande 4,812 kati ya 4,813. Asilimia 99. Bado kidogo.* Likatulia. Dakika moja ikapita. Shemeji akachonga penseli. Dakika ya pili akachonga ya pili. Bi Ghala alikaa juu ya mikono yake isimtoroke. Ilipotimu ya tano, shemeji alinyoosha vidole bila hata kutazama kibodi, akabonyeza Control na C, na safari nzima ikafutika.

"Unaona? Imeganda."

"Haikuganda! Ilikuwa inafanya kazi! Kwa nini umekata?"

"Shemeji, tulia. Mtu akikwambia bado kidogo, mara ya kwanza unamwamini. Dakika ya pili unamvumilia. Ya tano unajua hajatoka hata nyumbani. Mimi nimekua na mume wako, usinifundishe bado kidogo."

Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, maana ni kweli tupu. Mumewe humwambia bado kidogo niko mlangoni huku maji ya kuogea yanasikika kwenye simu. Na alipokuwa bado anacheka, akajiuliza swali ambalo katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kujiuliza: hicho kipande kimoja kilichobaki ni kipi?

Wakakitafuta pamoja. Ilikuwa picha kubwa ya dunia kutoka angani, milima na mabonde yote, ambayo kila ramani ya atlasi ililazwa juu yake. Vile vipande elfu nne na ushee vilikuwa majina ya mito, mipaka, alama za reli, maelezo ya pembeni. Picha peke yake ilikuwa na uzito mara kumi na moja ya hivyo vyote vikijumlishwa. Ghala ilikuwa inahesabu vipande, kipande kimoja ni kimoja, kiwe jina la kijito au uso wa dunia. Unahamisha nyumba, unahesabu vijiko, vikombe na sahani, umebaki na kabati la milango mitatu, na unamwambia mwenye gari kimebaki kitu kimoja tu.

Namba haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa sahihi, na ilikuwa inawadanganya watu kila siku. Bi Ghala alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Na kitabu cha hadithi kinapita?" aliuliza kwa sauti ya chini kidogo.

"Hicho chepesi, kinapita. Ona." Shemeji akakituma kitabu cha hadithi. Kikaenda, kikafika, na mwisho wa mstari dirisha likaandika: *Imekwishago.*

Bi Ghala alisogeza uso karibu na kioo. "Hiyo ni nini?"

"Imekwishago."

"Kusoma najua. Nauliza ni nini?"

"Si wewe uliyeandika? Ofisi nzima tunasema hivyo. Vipi, sura ya tatu imekwishago? Imekwishago. Tulidhani ni maringo yako ya kitaalamu."

Alikuwa amelisikia neno hilo koridoni mara nyingi. "Nilidhani ni neno la kwenu," alisema.

"Kwetu ndiko kwa mume wako, shemeji."

Alilielewa papo hapo, na aliona aibu. Ghala ilipomaliza, ilirudi ilipokuwa imeandika *Bado kidogo*, ikaandika *Imekwisha* juu yake. Neno jipya ni fupi, la zamani refu, na herufi mbili za mwisho zilibaki zimening'inia nje. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na yeye hakuwahi kuliona, kwa sababu kila alipotuma kitu aliiambia Ghala ifanye kazi kimya, isimpigie kelele. Kinyozi hajinyoi. Ghala aliijua ndani mpaka uvunguni, na uso wake, ule wanaoutazama wenzake kutwa, alikuwa hajautazama.

"Kwa nini hamkuniambia?" aliuliza.

"Tukwambie nini? Kila ukiulizwa unasema hesabu ni hesabu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Alibeba kigoda chake akashuka. Huko juu alikokwenda kumkuta mtu asiye na subira, alikuwa amekuta kazi, na kazi kwake ilikuwa dawa ya aibu.

Jumanne yote aliichambua Ghala. Aliitoa kwenye kuhesabu vipande akaiweka kwenye kupima uzito, ili asilimia moja iwe sehemu moja ya mia ya mzigo wenyewe. Akaifundisha kufuta mstari mzima kabla ya kuandika mpya, na buriani imekwishago. Akaigawa safari katika hatua tatu na kila hatua akaipa jina lake, maana zamani mzigo ukishafika, mashine ya kiwandani ilikuwa inaukagua kwa dakika nyingi huku Ghala ikikaa kama bubu. Kuifanya iendelee pale ilipokatwa kungehitaji miezi, na yeye alikuwa na siku mbili. Basi ilimpasa awaambie watu ukweli wa kuwatosha, wasiikate.

Jioni Mkurugenzi alipita akiwa na funguo za gari mkononi. "Mbona unajitesa?" alisema. "Weka kimstari kitembee polepole. Watu wakiona kitu kinatembea wanatulia."

"Kikitembea na kazi imesimama, Mkuu?"

"Nani atajua?"

"Mimi. Na wao watajua siku ya tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii Ghala imeshaitembea miaka kumi na mmoja. Sitaiongezea hata hatua moja." Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye kioo, na Mkurugenzi akaenda zake.

Hatua mbili za kwanza hazikumsumbua. Uzito unajulikana, ukaguzi nao unajulikana umefikia wapi, mradi upande wa pili ukubali kusema, na upande wa pili ulikuwa pia kazi ya mikono yake. Shida ilikuwa ya tatu. Baada ya kukagua, mashine ya kiwandani huuandika mzigo kwenye diski yake, na diski ile hutumiwa na wachapishaji wengine wote. Siku nyingine dakika mbili, siku nyingine nusu saa. Hakuna hesabu duniani ya kukwambia ni lini zamu yako itafika kwenye foleni usiyoiona. Alijaribu kukisia kwa kumbukumbu za miezi mitatu, na makisio yakatoka ovyo. Mwishowe Jumatano asubuhi aliandika sentensi tatu, akazisoma kwa sauti chumbani peke yake, akaziacha.

Mkurugenzi alipoonyeshwa, alizisoma mara mbili. *Mashine ya kiwandani inaandika kwenye diski. Sijui itachukua muda gani. Imejibu sekunde 2 zilizopita.*

"Sijui?" alisema. "Chombo cha kazi kinasema sijui?"

"Kwa sababu hakijui."

"Kiseme basi tafadhali subiri."

"Tafadhali subiri ni bado kidogo iliyovaa suti, Mkuu. Mtu haikati kazi kwa sababu ni ndefu. Anaikata kwa sababu anadhani imekufa. Hii inamwambia haijafa, kila sekunde tano inaenda kuuliza kule na inaleta jibu. Muda haiujui, na inakiri."

"Na ikikatwa kesho?"

"Ikikatwa kesho umeshinda wewe."

Alhamisi shemeji alisahihisha jina la mto mmoja mpaka saa tatu na nusu asubuhi, akahifadhi, akaandika *ghala peleka*. Bi Ghala alikuwa kwenye kigoda chake. Namba zilianza kupanda, na baada ya dakika nane shemeji alishika kichwa.

"Asilimia nane! Shemeji, umeiua! Zamani saa hizi tulikuwa tisini na tisa!"

"Zamani saa hizi mlikuwa mnadanganywa. Soma mbele."

*Asilimia 8. Kwa mwendo huu zimebaki dakika 92.* Shemeji alisoma, akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo saa tano na dakika kumi."

"Inavyosema."

"Basi mimi nakunywa chai," alisema, na kweli akaenda kunywa chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na Ghala inayotuma. Zamani alikuwa akikaa mbele yake anailinda mpaka wakati wa kuikata. Bi Ghala alimtazama akitoka mlangoni na furaha ilimjaa kifuani, kubwa kuliko alivyotarajia.

Saa tano na dakika kumi na mbili mzigo ulikuwa umefika wote. Ukaguzi ukaanza, nao ukajihesabu vizuri hadi saa tano na nusu. Kisha ikaja hatua ya tatu na sentensi zake tatu. Wahariri walikuwa wameanza kupanda ngazi mmoja mmoja, mmoja eti anatafuta rula, mwingine hakutafuta hata kisingizio. Mkurugenzi aliingia saa sita kasoro dakika ishirini, akasimama nyuma ya kiti cha shemeji mikono ikiwa mifukoni.

*Sijui itachukua muda gani. Imejibu sekunde 3 zilizopita.*

Saa sita kasoro robo. *Sijui.* Saa sita kasoro dakika kumi na mbili Mkurugenzi alitoa mikono mifukoni.

"Kata," alisema. "Nawapigia simu sasa hivi niwaombe watusogeze mpaka jioni. Kata, anza upya."

Bi Ghala alifungua mdomo, lakini shemeji alimtangulia. Alikuwa ameishika kibodi. Vidole vyake virefu vilikuwa juu ya Control na C, mahali vilipozoea. Akavitazama, akaviondoa, akaisukuma kibodi mbali mpaka ikagonga ukuta.

"Hapana, Mkuu," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Kazi ya ramani nimeifanya miaka ishirini. Pale nisipopajua huacha peupe. Nikipachora kwa kubuni, mtu atapotea. Hii imeniambia haijui. Kwa hiyo yale mengine iliyoniambia leo nayaamini. Inajibu, Mkuu. Iko hai. Sikati."

"Mimi ndiye ninayekwambia ukate."

"Basi kata mwenyewe. Kibodi ile pale."

Chumba kizima kiliitazama kibodi. Mkurugenzi naye aliitazama, akatazama kioo. *Imejibu sekunde 1 iliyopita.* Alisogea hatua moja mbele. Akasimama. *Imejibu sekunde 4 zilizopita.* Bi Ghala alipiga moyo konde, kwa sababu alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa kimeshaandikwa pale mbele ya kila mtu.

Saa sita kasoro dakika saba mstari ulifutika wote. Palepale ukatokea mwingine: *Atlasi imefika na imehifadhiwa. Imekwisha.* Shemeji alipiga yowe. Wahariri wakashangilia, na yule wa rula akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye, akagundua ni Mkurugenzi, akaomba radhi.

Mkurugenzi hakumkasirikia. Bado alikuwa anasoma kioo, na alipogeuka alimwuliza Bi Ghala taratibu, kwa sauti ile anayoitumia akishaamua.

"Kwa hiyo kile cha sayansi nacho kilikuwa kinakwenda."

"Kilikuwa kinakwenda."

"Na cha lugha?"

"Nacho."

"Na sisi tukawa tunavikata kabla havijafika."

Hapo angeweza kusema ndiyo, akatoka mshindi kweupe. Wenzake walikuwa wakimsubiri aseme, wengine wameinamisha vichwa, maana kila mmoja wao alikuwa amekata mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Bi Ghala aliwatazama mmoja mmoja, na hasira yake ya Jumatatu akaitafuta, hakuiona.

"Mlikata kwa sababu niliwaambia bado kidogo wakati kazi yote ilikuwa bado," alisema. "Hamkukosa subira ninyi. Mimi ndiye niliyevichelewesha vile vitabu viwili, na Jumatatu niliwatukana juu yake. Nisameheni."

Shemeji alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akaumeza. Mkurugenzi alitoa simu mfukoni, akasogea dirishani palipo na mwanga akatafuta namba, akawaambia watu wa Ijumaa wasijisumbue kuja.